Viti Yatima: Neno Lililotoka Nyumbani

Neno ambalo halijawahi kuvuka kizingiti cha nyumba moja hufikaje kinywani mwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga nyumba hiyo?

Jibu sina, msomaji wangu. Hata Afisa Nauli, ambaye wiki iliyopita tulimwacha kwenye meza ya jopo akiwa amekodoa macho na kalamu imemganda vidoleni, hakuwa nalo.

Waliochelewa kupanda wafunge mikanda upesi, maana tunaondoka. Kampuni mbili kubwa za ndege, ambazo watu huziita Bluu na Nyekundu kwa rangi za mikia yao, zimeiomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga iziruhusu kupandisha nauli ya njia ya milimani. Wakati huohuo zimepinga kuhuishwa kwa kibali cha kampuni ya tatu, changa, inayoendeshwa na rubani mmoja mwanamke tunayemwita Kapteni. Sheria haiwakatazi wenye ndege kukubaliana nauli. Inawakataza kukubaliana kwa kificho. Makubaliano huletwa mezani yakapimwa mbele ya watu. Kampuni inayokiuka hayo hunyang'anywa kibali, na aliyeyapanga hupelekwa mahakamani.

Meneja wa Nyekundu alikuwa amekwisha kuapa kwamba hajawahi kuketi na mtu yeyote wa Bluu, wa sasa wala wa zamani. Kisha akajisahau. Alisema, tena kwa tabasamu: "Mkitupa nauli hii, yatima wetu wote watapata wazazi."

Hapo ndipo kalamu ilipoganda.

"Yatima gani tena, Bwana Meneja?" aliuliza mwenyekiti wa jopo, jaji mstaafu ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Kengele kwa kuwa kengele ya shaba haikumtoka mkononi. "Hapa tunazungumzia ndege au malezi?"

Meneja aligeuka mwili mzima kumtazama, kwa sababu shingo yake ilikuwa ngumu na haikukubali kugeuka peke yake.

"Viti, Mheshimiwa. Viti visivyo na abiria. Ni lugha yetu ya kazi."

"Lugha yenu ina huruma. Mahakamani sisi tuliviita viti tu."

Ukumbi ulicheka. Hata Mhandisi, mjumbe wa pili wa jopo, ambaye tangu asubuhi alikuwa akipambana na usingizi bila mafanikio, alizinduka akacheka asichokijua.

Afisa Nauli hakucheka. Alikuwa mbali, katika ndege ya zamani yenye mapazia ya kahawia, mtoto wa miguu isiyofika sakafuni. Alikuwa ametoka kuwazika baba na mama kwa siku moja, na mjomba wake alikuwa akimpeleka kwenye maisha mapya. Ndege ilikuwa nusu tupu. Mtoto alitazama safu za viti visivyo na mtu, akauliza: "Mjomba, na hawa hawana wenyewe? Hawa nao ni yatima?"

Mjomba, aliyekuwa muuza tiketi wa Bluu wakati huo, alifunika uso kwa gazeti kwa muda. Alipolishusha alisema: "Ndiyo, ni yatima. Lakini mjomba wako kazi yake ni kuwatafutia wazazi."

Tangu siku ile, katika nyumba ile, kiti kitupu kikawa mtu. Mjomba akirudi kazini alisema, "Leo yatima walikuwa wengi," au, "Leo wote wamepata wazazi." Wageni hawakuambiwa. Lilikuwa neno la kilio na la kicheko, na maneno ya namna hiyo hayagawiwi barazani.

Sasa limetoka kinywani mwa Meneja wa Nyekundu.

Bi Kengele aliinua kengele. "Tumesikia ya kutosha. Kibali cha Kapteni kinakwisha jioni ya leo, kwa hiyo leo hatulali na kiporo. Tunakula, tunarudi, tunapiga kura. Na Mhandisi, tafadhali, kula kidogo."

Kengele ikalia.

* * *

Kapteni alimkuta Afisa Nauli nje ya ukumbi, kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, aliyebeba kofia yake ya urubani kwapani kama mtu abebavyo mkate.

"Umeshtuka," alisema.

"Haturuhusiwi kuzungumza, Kapteni."

"Basi najisemea mwenyewe. Miaka yote nimesoma nyuso za abiria wakishuka baada ya ndege kutikisika, na nimejifunza kutofautisha anayeogopa na aliyeona kitu. Wewe umeona kitu."

Afisa Nauli alijaza glasi ambayo tayari ilikuwa imejaa. Maji yakamwagikia viatu.

"Nijisemee na jambo la pili," Kapteni aliendelea, akitazama dari. "Nimerusha ndege za Bluu, nikarusha za Nyekundu, leo narusha zangu. Sijawahi kumsikia binadamu yeyote akikiita kiti yatima. Lugha ya kazi? Kazi gani hiyo, dada?"

Akavaa kofia yake, akaondoka.

Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa. Afisa Nauli alikuwa ameshikilia tumaini kwamba labda neno lile ni la watu wote wa ndege, na kwamba wapo wengine waliolibuni kabla yake. Sasa hata chembe hiyo ya tumaini ilikuwa imepotea.

Lakini mjomba alikuwa amestaafu. Hilo ndilo lililomchanganya. Aliaga Bluu mwaka uliopita akiwa meneja, akapewa saa ya ukutani na hotuba ndefu, na tangu hapo hakuwa na ofisi, hakuwa na tai, hakuwa na lolote ila maumivu ya mgongo. Ndiyo maana Afisa Nauli, alipoapishwa kuingia jopo, alisema kwa moyo mweupe kwamba hana ndugu katika kampuni yoyote ya ndege.

Mstaafu ana siri gani na mshindani wa waliomstaafisha?

Akaita teksi.

* * *

Mke wa mjomba alikuwa sebuleni akipiga pasi, redio ikimsimulia bei za sokoni bila yeye kuijali. Ndiye aliyemlea Afisa Nauli, na tangu utotoni alimwita Mama.

"Heri umekuja, nimechoka kuzungumza na mashati. Umekula?"

"Nimekula, Mama. Mjomba yuko wapi?"

"Yuko wapi tena? Kwa daktari wa mgongo. Mwanangu, mgongo wa mjomba wako siku hizi una ratiba kuliko ndege alizokuwa anaziuzia tiketi. Asubuhi mgongo, mchana mgongo. Wiki iliyopita mgongo ulimtaka mpaka Jumapili."

"Daktari anampa dawa gani?"

"Dawa ipo? Anarudi hana hata harufu ya dawa. Mimi nilidhani ana mwanamke." Alicheka, akageuza shati. "Nikamwambia, kama ni mwanamke mlete, atanisaidia kupiga pasi. Ndipo akaja na huyo mgonjwa mwenzake kunithibitishia. Nilijisikia vibaya. Mtu wa watu, anaumwa kweli."

"Mgonjwa mwenzake yupi?"

"Sijui jina, namwita Bwana Shingo. Mmoja mgongo, mwingine shingo, ukiwaunganisha unapata mtu mmoja mgonjwa kabisa. Akitaka kukutazama hageuzi kichwa, maskini. Anazunguka mwili mzima kama kabati linalohamishwa."

Afisa Nauli aliketi bila kuchagua kiti.

"Mama, huyo Bwana Shingo ana gari?"

"Ana gari na dereva. Kwa nini? Usiniambie ni mume wa mtu unayemfahamu."

Kabla hajajibu, ufunguo uliguna mlangoni.

Mjomba aliingia akipiga mluzi. Alikuwa mrefu, nadhifu, mwenye ndevu nyeupe alizozichonga kwa uangalifu. Mkoba wa Afisa Nauli ulikuwa umeanguka chini karibu na mlango. Mjomba aliinama, akauokota na kuinuka mara moja, mwepesi kama kijana wa shule, kisha akaukung'uta vumbi.

Wote wawili walimtazama.

"Mgongo umepona," alisema mkewe polepole.

Mjomba akaweka mkono kiunoni, akiwa amechelewa. "Daktari ana mikono ya ajabu. Shikamoo yangu iko wapi, Abiria?"

Abiria lilikuwa jina la nyumbani la Afisa Nauli. Kila mara alipolisikia alijihisi mtoto wa miguu isiyofika sakafuni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mbona uso umekukunjamana? Kikao kimekushinda?"

"Kikao kinaendelea. Meneja wa Nyekundu ametuambia tukimpa nauli, yatima wake wote watapata wazazi."

Redio ilisema kitu kuhusu vitunguu. Mjomba aliizima.

"Ametumia neno zuri," alisema hatimaye.

"Ametumia neno langu."

"Maneno husafiri, Abiria."

"Hili halina miguu. Limebebwa kwa gari lenye dereva, mpaka hapa mlangoni, likanywa chai na Mama. Limekaa pale, Mjomba. Shingo yake haigeuki."

Mke wa mjomba alisahau pasi juu ya kola. Moshi mwembamba ukaanza kupanda na hakuna aliyeuona.

"Bwana Shingo ni mtu wa Nyekundu?" aliuliza. "Uliniletea mtu wa Nyekundu nimpe chai, ukaniambia ni mgonjwa?"

"Shingo inamuuma kweli," alisema mjomba.

Katika maisha yake yote ya ukarani, umeneja na ustaafu, huenda hakuwahi kutoa utetezi mwembamba kuliko huo. Alijua. Alikaa, akavua miwani, na mara uso wake ukawa wa mtu aliyechoka.

"Sikiliza basi, na usinikate. Mimi niliishi vita vya nauli. Bluu inashusha, Nyekundu inashusha zaidi, abiria wanapiga makofi. Halafu tunaanza kupunguza. Tunapunguza soda, tunapunguza magazeti, mwisho tunapunguza mafundi. Siku moja niliitazama ndege inaruka, nikamwomba Mungu ishuke salama, kwa sababu nilijua nani hayupo tena karakana. Sitaki kurudi huko. Kampuni mbili zikitulia, kila mtu anafika mzima. Zilihitaji mtu wa kupeleka neno huku na kuleta huku, asiye na ofisi, asiyetiliwa shaka. Nikakubali."

Lilikuwa jibu la mtu mwema, na hilo ndilo lililomtia hofu Afisa Nauli. Angekuwa mwizi tu, angemchukia, mambo yakaisha.

"Hoja hiyo ni nzuri, Mjomba. Kwa nini hukuileta mezani? Sheria inaruhusu."

"Mezani mngeikataa."

"Pengine. Au tungewaambia, rudisheni mafundi kwanza, ndipo tuzungumze nauli. Meza imewekwa kwa kazi hiyo. Na Kapteni? Naye ana mafundi wachache?"

Mjomba akafuta miwani kwa pindo la shati.

"Mimi mwenyewe nimekagua," alisema Afisa Nauli. "Mafundi wake wametosha na wamezidi. Hamkumwogopa kwa sababu ndege zake ni mbovu, Mjomba. Mlimwogopa kwa sababu nauli yake ni ndogo na bado anafika mzima."

"Kola," alisema mke wa mjomba ghafla, akaiinua pasi. Chini yake kulikuwa na alama ya kahawia, kubwa, yenye ncha. Alilitazama shati lile kama mtu anayetazama picha ya ndoa yake.

Mjomba alivaa tena miwani. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sasa ya meneja.

"Haya. Tufikirie kama watu wazima. Jopo lenu ni la watu watatu, na bila watatu hakuna kura. Ukisimama ukasema unanijua, itabidi ujitoe. Ukijitoa, jopo limekufa. Jopo likifa, kibali cha huyo Kapteni wako kinakwisha jioni hii na hakuna wa kukihuisha. Utakuwa umemzika kwa mikono yako."

Afisa Nauli hakuwa amelifikiria hilo.

"Lakini ukinyamaza," aliendelea mjomba kwa upole, "unarudi, unapiga kura. Mpe Kapteni kibali, sikukatazi. Tunyime nauli, sikukatazi. Bi Kengele atakufuata, namjua. Haki yako unaipata, na mjomba wako unabaki naye. Nani anaumia?"

Msomaji, tuwe wakweli: wewe ungekataa? Dada huyu alitaka kukubali. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ingekuwa kura safi ya mtu anayejua ukweli, na usiku angelala katika ukoo ambao haujaaibishwa.

Kisha swali dogo likamchoma.

"Mjomba, ulijuaje kwamba bila watatu jopo linakufa? Kanuni hiyo ni mpya. Imeandikwa baada ya wewe kustaafu."

"Watu huzungumza."

"Na mimi nilichaguliwaje? Kuna maafisa wenye uzoefu zaidi yangu. Niliposikia jina langu, nilidhani wameona kazi yangu."

"Wameiona. Mimi nilimwambia mtu mmoja tu wa Mamlaka kwamba una akili. Ni dhambi kumsifu mtoto?"

Hapo akafahamu yote. Hawakumweka mezani ili awapendelee. Mjomba alimjua vizuri, asingetegemea hilo. Walimweka kama msumari uliolegezwa kwa makusudi. Kura ikielekea kuwaendea vibaya, wanauchomoa tu: wanatangaza wao wenyewe undugu wake na mjomba, na meza nzima inaanguka.

"Kwa hiyo hata nikinyamaza," alisema, "mnaweza kunisema kesho. Nikimpa Kapteni kibali leo, kesho mtasema kilitolewa na mpwa wa mtu wa Bluu, na kitafutwa. Mlinipanda pale, Mjomba. Mimi ndiye mlango wenu wa nyuma."

Mjomba alitazama saa ya ukutani, ile ya kustaafia. "Abiria," alisema, "mimi nilikubeba."

"Najua."

"Nilikubeba nikiwa sina hata godoro la pili."

"Najua, Mjomba. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza."

Akachukua mkoba wake. Mke wa mjomba alimsindikiza mpaka nje, shati lililoungua likiwa bado mkononi. Hakumwambia afanye hivi wala asifanye vile. Alimwambia tu, "Kola yako imekaa vibaya," akaiweka sawa, akamwacha aende.

* * *

Ukumbi ulikuwa umejaa tena. Mhandisi, kwa muujiza, alikuwa macho. Meneja wa Nyekundu alikuwa na sura ya mtu aliyekwisha kuarifiwa jambo kwa simu. Jasho lilimtiririka kando ya ile shingo. Kapteni aliketi safu ya mbele, kofia magotini.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, kulibaki kiti kimoja kitupu. Afisa Nauli alikitazama bila kujua kwa nini.

Bi Kengele aligonga kengele. "Tunaanza na kibali cha Kapteni. Wanaokubali..."

Mlango ulifunguliwa. Mjomba aliingia, mrefu, nadhifu, akakiendea kile kiti kimoja na kuketi. Hakufanya ishara yoyote. Aliweka mikono magotini na kumtazama mpwa wake usoni, kama alivyomtazama zamani katika ndege ile yenye mapazia ya kahawia.

Meneja wa Nyekundu alizunguka mwili mzima kuona ni nani. Alipomwona, alirudi mbele upesi kuliko shingo yake ilivyoweza kustahimili, akaguna kwa maumivu.

"Bwana Meneja, kuna tatizo?" aliuliza Bi Kengele.

"Hapana, Mheshimiwa. Upepo wa mlango."

Bi Kengele hakuwa jaji bure. Alimtazama mwenye shingo, akamtazama mgeni wa nyuma, na taratibu akaiweka kengele chini. Kisha akamgeukia Afisa Nauli, ambaye alikuwa amesimama.

"Kura hupigwa kwa kuinua mkono, binti, si kwa kusimama. Una hoja au una swali?"

"Nina uamuzi, Mheshimiwa, na ningependa uandikwe kabla ya kura."

"Sema."

Alimtazama Kapteni kwanza.

"Kapteni anisamehe, kwa sababu ninalofanya huenda likamnyima kibali jioni ya leo. Lakini kibali nitakachompa mimi kesho kitanyang'anywa, na waliokwisha kujiandaa kukinyang'anya wamo humu ndani."

Kapteni aliichukua kofia magotini na kuivaa, kama mtu anayejiandaa kwa mtikisiko aliouona kwa mbali.

Mhandisi aliinama kwa Bi Kengele kumnong'oneza jambo. Bi Kengele alimnyamazisha kwa kidole.

Afisa Nauli aliinua macho mpaka safu ya nyuma, kwenye kiti kilichokuwa kitupu na sasa kilikuwa na mwenyewe. Mjomba alikuwa bado anamtazama. Akatikisa kichwa kidogo sana, mara moja, na hakuna aliyejua kama alikuwa akimkataza au akimruhusu.

"Ninajitoa katika jopo hili," alisema. "Kuanzia sasa mimi si mjumbe, ni shahidi. Kampuni hizi mbili zimekubaliana nauli kwa siri, na aliyeziunganisha namfahamu, kwa sababu amenilea. Ni mjomba wangu, na ndiye yule aliyeketi pale karibu na mlango. Niapisheni."